Mizani Inayohesabu: Hotuba kuhusu Uzito wa Sarafu

(Hotuba hii ilitolewa mbele ya walimu wa hisabati, wanafunzi wao na wahazini wa vikundi. Imewekwa hapa yote kwa ajili ya wale ambao hawakuweza kufika.)

Mwenyekiti, walimu wenzangu, wahazini mliokubali kuyaacha madaftari yenu kwa saa moja, na nyinyi wanafunzi mliokaa huku mbele: hamjambo?

Nianze na swali. Nina mfuko hapa. Ndani yake zimo sarafu za peni 20 za Uingereza, za aina hiyo moja tu. Mfuko ukiwa mtupu una gramu 12. Nimeuweka kwenye mizani, na mizani inasema gramu 1,262. Nani ataniambia mna fedha kiasi gani, bila kuufungua?

Naona mikono. Lakini kuna mmoja wenu ameshika kalamu na bado ananitazama, na yeye ndiye ninayemtaka. Anasubiri nini? Anasubiri nimwambie sarafu moja ina uzito gani. Ana haki! Bila namba hiyo hakuna atakachokipata hapa. Basi namba yenyewe ni gramu 5 kamili. Toa 12 za mfuko, zinabaki 1,250. Gawanya kwa 5, unapata sarafu 250. Zidisha kwa peni 20, ni pauni 50. Kazi imekwisha, na hakuna aliyegusa sarafu.

Hesabu yote ya leo ni hiyo: toa uzito wa chombo, gawanya kwa uzito wa kimoja. Mtoto wa darasa la nne anaiweza. Kwa nini basi nimeombwa kuizungumzia mbele ya watu wazima? Kwa sababu ule uzito wa kimoja, mnaoudhani ni namba ya kukariri, una historia ndefu, una hila, na usipouangalia unakula fedha za watu. Walimu wa fizikia mnisamehe, nitasema "uzito" pale ambapo nyinyi mngesema tungamo. Sokoni na benki wote wanasema uzito.

Tuanze na benki. Nchini Uingereza, karani wa benki hahesabu sarafu zako moja moja. Anapokea mfuko mdogo wa plastiki na kuuweka kwenye mizani. Mfuko wa peni moja moja ni wa pauni 1, maana yake sarafu 100. Kila peni ina gramu 3.56, kwa hiyo mfuko unatakiwa kuwa na gramu 356. Sasa mfuko wa peni mbili mbili, nao wa pauni 1, una sarafu 50, na kila sarafu ina gramu 7.12. Hamsini mara 7.12 ni ngapi? Fanyeni. Ni 356!

Hiyo si bahati. Sarafu ya peni 2 ilipewa uzito mara mbili kamili ya peni 1. Vivyo hivyo peni 5 ina gramu 3.25 na peni 10 ina gramu 6.5. Mwaga peni 5 na peni 10 kwenye mfuko mmoja, zichanganye upendavyo, ukisoma gramu 325 ujue umeshika pauni 5. Mizani haijali ni ngapi za aina ipi. Inakupa thamani moja kwa moja.

Wamarekani nao wamefanya hivyo, na kwao jambo hili ni tamu zaidi. Senti 10 ina gramu 2.268. Senti 25, wanayoiita robo, ina gramu 5.67. Nusu dola ina gramu 11.34. Chukueni kalamu. Senti 10 zinazofanya dola moja ni kumi: gramu 22.68. Robo nne: gramu 22.68. Nusu mbili: gramu 22.68. Dola moja, kwa njia yoyote kati ya hizo tatu, ni gramu 22.68. Basi nikikuletea ndoo ya sarafu hizo zimechanganyika, na bila uzito wa ndoo ni gramu 3,402, huna haja ya kuzichambua. Gawanya 3,402 kwa 22.68. Ni dola 150.

Na dola 20 je? Ni gramu 453.6. Kuna anayeikumbuka namba hiyo? Ni ratili moja ya Kiingereza, kwa tofauti ndogo isiyosomeka kwenye mizani yoyote iliyomo humu. Dola ishirini za chenji, ratili moja.

Lakini kwa nini? Kwa nini sarafu ya shaba na nikeli, ambayo thamani yake imeandikwa tu usoni, ipangiwe uzito kwa kulingana na thamani hiyo?

Kwa sababu zamani uzito ndio uliokuwa thamani. Sarafu hizo za Marekani zilikuwa za fedha halisi, ile ya vito. Sheria ya 1873 iliipa nusu dola gramu 12.5, robo nusu ya hapo, na senti 10 sehemu moja ya tano ya hapo. Dola moja ya chenji ilikuwa gramu 25. Mwaka 1965 sheria nyingine ikaiondoa fedha kwenye senti 10 na robo, ukaja mchanganyiko wa shaba na nikeli. Uzito ukapungua, lakini ule uwiano wa kale ukaachwa ulivyo. Mnaopenda kukusanya sarafu, hapo pana faida yenu: robo ya kabla ya 1965 ina gramu 6.25, ya sasa ina 5.67. Mizani ndogo inazitenganisha hata kama mwaka umefutika.

Na senti 5? Hiyo haimo katika ukoo huo. Ilibuniwa mwaka 1866 kwa nikeli na shaba, ikapewa gramu 5 kamili, mwaka ule ule ambao Marekani iliruhusu kisheria vipimo vya metriki. Ndiyo maana sarafu ya senti 5 ina uzito zaidi ya mara mbili ya sarafu ya senti 10. Ukiitupia kwenye ile ndoo yetu, umeiharibu hesabu yote. Kwa hiyo mhazini, kabla hujapima, itazame ndoo!

Sasa tuingie ndani zaidi ya hili la uzito kuwa thamani, maana hapa ndipo penye visa.

Mkiwa na sarafu ambayo thamani yake ni fedha iliyomo, mwizi hahitaji kuiiba sarafu. Anaiazima. Anakwangua ukingo kidogo, anabaki na unga wa fedha, na sarafu anaitumia kwa bei ile ile. Uingereza ya karne ya 17 ilijaa sarafu za aina hiyo, zilizofuliwa kwa nyundo, zisizo na ukingo ulionyooka, zimekatwa na kukatwa tena. Mwaka 1696 serikali ikaamua kuzikusanya na kuzifua upya. Mnajua nani aliyepewa cheo katika kiwanda cha sarafu mwaka huo? Isaac Newton. Ndiyo, huyo huyo wa mvutano wa dunia. Wengi walidhani ni cheo cha kupumzikia. Yeye akakifanyia kazi, akawasaka waghushi mpaka mmoja wao, William Chaloner, akanyongwa mwaka 1699, na mwaka huo Newton akawa mkuu wa kiwanda chenyewe.

Ile michirizi mnayoihisi kwa kidole pembeni mwa sarafu nyingi, sasa mnajua ni ya nini. Ukikwangua, michirizi inapotea, na kila mtu anaona.

Lakini kisa cha Newton ninachokipenda mimi si cha mtu kunyongwa. Ni cha wastani, na walimu mkipeleke darasani. Hakuna kiwanda kinachoweza kufua sarafu elfu zenye uzito sawasawa. Moja inazidi kidogo, nyingine inapungua kidogo. Wakubwa wa kiwanda walikuwa wakipima fungu zima, na fungu likitimia uzito, wanaridhika. Wastani ulikuwa sahihi. Tatizo liko wapi?

Tatizo ni kwamba masonara nao walikuwa na mizani. Walizipima gini, sarafu za dhahabu za Uingereza ya wakati huo, moja moja, wakazitenga zile nzito, wakaziyeyusha, na dhahabu hiyo wakairudisha kiwandani ifuliwe tena. Faida yao ilikuwa ile ziada. Zile nyepesi zikabaki mikononi mwa watu. Mnaona? Wastani haukuwa na kosa, na bado nchi iliibiwa. Newton alielewa kwamba haitoshi fungu kuwa sahihi, ni lazima tofauti kati ya sarafu na sarafu iwe ndogo kiasi kwamba kuchambua hakulipi. Akaibana tofauti hiyo. Mwanafunzi akikuuliza mtawanyo wa takwimu una faida gani maishani, usimtajie mtihani. Mpe kisa cha masonara.

Na Waingereza hawakuiacha tabia ya kupima. Wana hafla inayojulikana tangu mwaka 1282, ambapo sarafu mpya huchaguliwa na kuletwa mbele ya jopo, zikapimwa uzito na madini yake. Hufanyika hata leo, London, katika jumba la masonara. Nadhani ni mzaha mzuri wa historia kwamba masonara wale wale ndio walinzi.

Na huku kwetu katika mwambao, Waswahili hawakuhitaji kuambiwa na mtu kwamba sarafu ni jiwe la mizani. Riale ya Maria Theresa, ile yenye picha ya malkia wa Austria na mwaka 1780 ambao haukubadilishwa kamwe hata ilipofuliwa karne nzima baada ya kifo chake, ina gramu 28 na kidogo: 28.07. Katika Zanzibar ya karne ya 19, wakia moja ilikuwa uzito wa riale moja. Wakia 16 ni ratili. Ratili 3 ni mani. Mani 12 ni frasila. Fanyeni hesabu pamoja nami. 28.07 mara 16 ni gramu 449. Mara 3, mara 12, ni gramu elfu kumi na sita na ushei. Frasila, karibu kilo 16. Pembe za ndovu na karafuu zilipimwa kwa frasila, na chini kabisa ya ngazi hiyo ilikuwepo sarafu moja ambayo mtu yeyote angeweza kuitoa kibindoni kuhakikisha kama mizani ya mwenzake inasema kweli.

Hilo la mwisho bado linawezekana. Mna mizani ya jikoni mnayoitilia shaka? Yen moja ya Japani, ya alumini, ina gramu 1 kamili tangu 1955. Senti 5 ya Marekani gramu 5. Peni 20 ya Uingereza gramu 5, peni 50 gramu 8, pauni 2 gramu 12. Weka hizo tatu za Uingereza pamoja, mizani iseme 25. Isiposema 25, usiilaumu sarafu haraka, maana sarafu iliyochakaa hupungua. Weka kumi, weka ishirini, ndipo uilaumu mizani.

Nimesema ishirini, na nataka nikae hapo kidogo, kwa sababu makosa mengi ya wahazini yako hapo. Mizani yako inaonesha gramu nzima tu. Unaweka senti 10 moja ya Marekani. Inasema 2. Kweli ni 2.268. Umekosea zaidi ya asilimia 10 kabla hujaanza kazi! Sasa weka 50 kwa pamoja. Uzito wa kweli ni 113.4, mizani inasema 113. Gawanya kwa 50, unapata 2.26. Mizani ni ile ile, sarafu ni zile zile, ila kosa limegawanywa kwa watu hamsini na kila mmoja amepata punje. Usipime moja kamwe. Pima nyingi, kisha gawanya.

Na usiikate namba mapema. Usiikate! Mtu anaona 5.67, anasema "sita tu, yatosha." Haya, tumpe robo 1,000. Zina gramu 5,670. Agawanye kwa 6: anapata 945. Robo 55 zimepotea, dola 13 na senti 75, na hakuna aliyeiba. Akisema 5.7 badala ya sita? Anapata karibu 995, sarafu tano zimeyeyuka. Kosa dogo kwenye kimoja, ukilizidisha kwa elfu, si dogo tena.

Hatari nyingine ni pale kimoja kinapobadilika nawe hujaambiwa. Mwaka 1982 Wamarekani waliibadilisha senti 1. Ya zamani ilikuwa na asilimia 95 ya shaba na gramu 3.11. Ya baadaye ni zinki iliyopakwa shaba, gramu 2.5. Ukubwa uleule, sura ileile, rangi ileile. Waingereza walikuta tatizo hilohilo mwaka 1992 walipoingiza chuma kwenye peni zao, nao wakachagua njia nyingine: chuma ni chepesi kuliko shaba, wakaifanya peni iwe nene zaidi ili ibaki na gramu 3.56. Mimi naona Waingereza walifikiria karani wa benki.

Sasa, wanafunzi, mnalikumbuka lile fumbo la kuku na mbuzi, vichwa kadhaa na miguu kadhaa? Hili ni lile lile. Nina senti 100 za Marekani, za zamani na mpya zimechanganyika. Zote pamoja ni gramu 262.2. Za zamani ni ngapi? Chukulia zote ni mpya: gramu 250. Zimezidi 12.2. Kila ya zamani inaongeza 0.61. Gawanya 12.2 kwa 0.61. Ni 20! Za zamani 20, mpya 80. Lakini angalieni kilichohitajika: idadi na uzito, vyote viwili. Kwa mizani peke yake tusingefika.

Kabla ya mafumbo, nijibu swali lililotumwa kwa karatasi: dola milioni moja kwa sarafu zina uzito gani? Kwa robo ni sarafu milioni 4, tani 22.68. Kwa senti moja moja, tani 250. Kwa noti za dola 100, kila noti karibu gramu 1, ni kilo 10 tu. Waswidi walilijua hili kwa migongo yao. Mwaka 1644, kwa kuwa walikuwa na shaba nyingi na walitaka thamani yote iwemo ndani ya madini, walitoa bamba la daler 10, daler ikiwa fedha yao ya wakati huo, lenye uzito wa karibu kilo 20. Fedha moja, kilo ishirini! Mnashangaa kwamba mwaka 1661, Stockholm, ndipo benki ilipotoa noti za kwanza za Ulaya?

Sasa mafumbo, niwaachie kazi.

Mifuko kumi. Tisa ina sarafu halali za gramu 10, mmoja una za bandia za gramu 9. Una mizani inayosoma gramu. Unaruhusiwa kupima mara moja tu. Mara moja! Utaujuaje?

Kimya. Vizuri. Chukua sarafu 1 kutoka mfuko wa kwanza, 2 kutoka wa pili, 3 kutoka wa tatu, hivyo mpaka 10 kutoka wa kumi. Zote ni 55. Zingekuwa halali zote, zingekuwa gramu 550. Ukisoma 543, zimepungua 7. Mfuko wa saba. Upungufu wenyewe umetaja namba ya mwizi.

Sasa ondoa mizani hiyo, lete ile ya vitanga viwili, isiyosoma namba. Sarafu 9, moja ni nyepesi, kupima mara mbili. Weka tatu huku, tatu kule, tatu pembeni. Kitanga kikipanda, ipo huko. Vikilingana, ipo pembeni. Zimebaki tatu. Weka moja huku, moja kule, umemaliza. Mnaona kwa nini tisa? Kila kupima kuna majibu matatu: kushoto, kulia, sawa. Mara mbili ni tatu mara tatu.

La kwenu ni hili. Sarafu 12. Moja ni bandia, lakini hamjaambiwa kama ni nzito au nyepesi. Mpime mara tatu, mniambie ni ipi na ina kasoro gani. Kupima mara tatu kuna majibu 27. Sarafu 12, kila moja yaweza kuwa nzito au nyepesi, ni hali 24. Ishirini na nne zinaingia ndani ya ishirini na saba, kwa hiyo hesabu haikatai, na njia kweli ipo. Mizani ya vitanga iko kwenye meza ile ya nyuma pamoja na sarafu. Wanafunzi watangulie, walimu wasubiri zamu yao, na atakayeanza kwa kuweka sita huku na sita kule nitamwomba afikirie tena.

Ahsanteni.